Mvua Isiyoandikwa Haikai

Saa sita kasoro robo, siku ya Jumanne, Idman Abdinur alichomoa kebo ya buluu kwenye ruta, akaipuliza vumbi, akaichomeka tena. Ilikuwa mara ya tisa asubuhi hiyo. Ofisi yao ya hali ya hewa ilikuwa nyumba ya kupanga pale Galbet, mjini Garissa, na kompyuta ya kazi ilikaa kwenye chumba ambacho zamani kilikuwa jiko, kwa sababu humo ndimo mlimokuwa na soketi inayofanya kazi. Taa ya ruta ikawaka kijani. Idman akaandika kipimo cha mvua ya Balambala, milimita ishirini na mbili, akabonyeza kitufe cha kutuma, akangoja. Skrini ikamjibu kama ilivyomjibu tangu Ijumaa: seva haipatikani.

Simu ikalia. Alikuwa Jelle, mpimaji wa mvua wa kituo cha Balambala.

"Idman, zimebaki dakika ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Haya. Nimewaambia watu wafungue vifuniko vya mitungi. Jana mzee mmoja alikaza kifuniko, mtungi ukapanda na maji yake. Tumeuteremsha leo kutoka juu ya mgunga."

"Hakuumia mtu?"

"Hakuna. Mtungi ndio umepasuka."

Saa sita kamili mvua ya Balambala ikaanza kurudi juu. Haikuwa na fujo. Matone yaliinuka kutoka mchangani, kutoka kwenye majani, kutoka kwenye manyoya ya mbuzi, yakapanda taratibu kama yalivyoshuka usiku. Silanga, lile bwawa lililochimbwa kwa mikono mwaka juzi, lilipungua hadi tope, kisha tope likapasuka. Mbuzi waliokunywa asubuhi wakashikwa na kiu upya. Kufika saa sita na nusu wingu lilikuwa limekusanya mali yake yote na kuondoka. Watu wa pwani husema maji yakimwagika hayazoleki. Wangekuja Balambala wiki ile wangeyaona yanavyozoleka, tena kwa saa.

Sababu ilijulikana na kila mtu. Miaka yote Jelle alikuwa akisoma kipimo chake saa tatu asubuhi, anapiga simu Garissa, karani anaandika kwenye daftari kubwa lenye jalada jekundu, na mvua inakaa. Msimu huu makao makuu ya idara, kule Nairobi, yaliondoa madaftari na kuleta seva. Kuanzia mvua za deyr, zile fupi za mwisho wa mwaka, kipimo ni kile kilichoingia kwenye seva, na siku hufungwa saa sita mchana. Mvua isiyoingia haikunyesha, na mvua ambayo haikunyesha haina ruhusa ya kukaa chini. Wazee wa Balambala walilielewa jambo hilo upesi kuliko ofisi. Walikumbuka hadithi ya karani mmoja wa mkoloni aliyeangusha daftari mtoni, na msimu mzima ukarudi juu.

Jioni Weris, mama yake Idman, alipiga kwa simu yake ya mulika mwizi. Alikuwa akichunga nyuma ya Balambala, mwendo wa siku mbili kutoka mtoni. Mwaka jana alikuwa na mbuzi tisini. Sasa walibaki thelathini na mmoja.

"Hooyo," alianza, yaani mama, maana mama wa Kisomali humwita mwanawe kwa jina lile lile analoitwa yeye. "Nyasi haziwezi kuota kwa mvua ya nusu siku. Asubuhi zinachungulia, mchana zinarudi ndani."

"Mbuzi wanaweza kufika mtoni?"

"Hawa? Hawafiki hata kwenye kivuli cha pili. Wakijitahidi sana watasimama mpaka Jumapili. Wakianguka hawa, mimi ni mtu wa kungoja lori la msaada, na nafsi yangu haitaki, Idman. Haitaki kabisa."

"Mvua itakaa kabla ya Jumapili, hooyo."

"Inshallah."

"Inshallah," alijibu Idman, lakini alilisema kama mtu anayefunga mkanda.

Marehemu baba yake alikuwa sahan, yaani yule mtu anayetangulia mbele ya mifugo kwenda kutazama mvua imenyesha wapi na malisho yakoje. Sahan haleti habari za kusikia. Huenda hadi aone kwa macho yake, na akikuta njia imezibwa, hurudi hadi mahali pa mwisho palipokuwa wazi na kuanza upya kutoka hapo. Idman hakuwahi kuchunga zaidi ya likizo mbili za shule, lakini kazi ya mitandao aliifanya hivyo hivyo, na hakuona tofauti yoyote.

Alianza na kebo. Akabadilisha kebo. Akabadilisha ruta, akachukua laini ya kampuni nyingine, akajaribu kompyuta nyingine, akajaribu hata simu ya mkubwa wake, Korane, aliyempa huku akimtazama kama mtu anayemwazima mtu mswaki. Aliiita seva kwa jina, haikuitika. Aliiita kwa nambari zake, kimya. Lakini magazeti ya Nairobi yalifunguka, matokeo ya mpira yalifunguka, hali ya hewa ya miji ya ng'ambo ilifunguka na picha za theluji. Mtandao ulikuwa mzima. Ni seva moja tu iliyomnunia.

Basi akautuma ujumbe kwa ile amri inayoonyesha kila kituo unapopitia, kimoja baada ya kingine, kama mchungaji anayeulizia ngamia wake kisima hadi kisima. Vituo vilikuwa kumi na kimoja. Cha kumi, Nairobi, kiliitika vizuri. Cha kumi na moja kilikuwa mlango wenyewe wa seva, na hapo pakawa kimya. Idman alirudia mara ishirini. Ujumbe ulikuwa unafika. Ulichokosa ni kufunguliwa.

"Tuandike barua," alisema Korane. Korane alikuwa mtu wa barua. Aliandika nzuri, yenye kumbukumbu namba na heshima zote, na majibu yakaja Jumatano: upande wetu kila kitu kiko sawa, tafadhali zimeni ruta kisha muiwashe tena. Loh! Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Saa sita ilipofika, milimita nyingine kumi na nne zikaondoka Balambala, na Weris akapoteza beberu.

Idman hakuipigia tena nambari ya msaada. Alikwenda kwa Istar, aliyeuza maziwa ya ngamia barabara ya pili kutoka ofisini, kwa kuwa huku kwetu mtu akitaka kujua jambo la Nairobi huulizia kwanza ni mtoto wa nani anayefanya kazi huko. Istar alikuwa na mpwa, Hamse, na Hamse alikuwa fundi makao makuu. Istar akapiga simu mwenyewe. Akamuuliza habari za afya, za kazi, za mke, kisha akasema, "Ongea na dada yako," akamkabidhi Idman simu na kuendelea kupima maziwa.

Hamse alishusha sauti. "Abaayo, dada yangu, mimi sijasema."

"Hujasema."

"Kuna orodha pale mlangoni kwa seva. Anwani zote za mtandao za upande wenu zimefungiwa. Garissa, Wajir, Mandera. Ati usalama."

"Usalama wa nani?"

"Haijaandikwa. Imeandikwa tu usalama."

"Nani aliiandika?"

"Alishatoka kazi kitambo. Seva ni mpya lakini orodha ilihamishwa vile ilivyokuwa. Hakuna mtu aliisoma."

"Wewe umeisoma. Ifute."

"Nikiifuta nafutwa. Kuna fomu, abaayo. Nakutumia."

Fomu ilikuwa ya kurasa nne. Ilitaka jina kamili la mvua na mahali ilipozaliwa. Ilitaka kujua baba yake mvua alinyesha wapi, na babu yake, na kama kuna yeyote katika ukoo aliyewahi kuvuka mpaka. Ilitaka barua ya chifu na wazee watatu wa kuthibitisha kwamba mvua hiyo ni ya hapa. Idman alijaza bila kukwama, kwa sababu maswali yalikuwa yale yale aliyoulizwa akiwa na miaka kumi na minane alipokwenda kuomba kitambulisho, na majibu alikuwa bado anayakumbuka. Hasira zilimpanda hadi masikio yakawaka moto. Akamaliza kujaza, akatafuta wazee, akasaini, akatuma. Ikajibiwa papo hapo na mashine: kamati ya uhakiki hukaa mara mbili kwa mwaka, na imekaa juzi.

Ijumaa hakukunyesha. Mbuzi wawili wakalala na hawakuinuka. Wakabaki ishirini na wanane.

Jumamosi Jelle alipiga simu saa tatu na dakika mbili. "Milimita kumi na nane," alisema. "Na mama yako amewakokota wanyama wake usiku kucha hadi hapa. Wamekunywa. Amekaa nao kando ya silanga, anasema yeye haondoki, atazame mwenyewe."

Idman akafunga kompyuta ya ofisi, akaitia kwenye mkoba. Ingekuwa rahisi kumpigia mtu wa ng'ambo ya mto amwingizie hesabu, lakini seva ilipokea vipimo kutoka kwa kompyuta zilizosajiliwa tu, na ile ndiyo pekee waliyopewa. Alikuwa amekaa usiku akiwaza kama sahan: mahali pa mwisho palipo wazi ni wapi? Kama mlango umefungiwa watu wa upande huu wa Tana, basi ni kwenda upande wa pili. Tena si mbali. Ukivuka daraja la Garissa uko Madogo, kaunti nyingine.

Alishuka kwenye bodaboda mwanzo wa daraja, akaifungua kompyuta na kuilaza juu ya mkono, akaunganisha na simu yake, akatembea. Kila baada ya nguzo kumi alibonyeza. Seva haipatikani. Chini mto ulikuwa mwekundu na mwingi. Katikati ya daraja, haipatikani. Ilipofika saa nne na nusu alikuwa amefika kwenye kizuizi, pale mabasi ya Nairobi yanaposimamishwa na abiria kushushwa.

"Kitambulisho," alisema askari.

Idman akampa. Akakitazama, akamtazama yeye, akakigeuza upande wa nyuma.

"Unaenda wapi, madam?"

"Hapo tu ng'ambo. Narudi sasa hivi."

"Kwa mkoba kuna nini?"

"Chaja na maji. Kompyuta ndiyo hii, na humu kuna mvua ya Balambala, milimita kumi na nane. Lazima iingie kabla ya saa sita."

Askari akaandika kwenye karatasi yake: mvua, mm 18. "Ni mvua ya huku ama imetoka Somalia?"

"Ni ya Balambala."

"Iko na kitu cha kuonyesha?"

Idman akamwonyesha ujumbe wa Jelle na nakala ya fomu. Askari akasoma kurasa zote nne bila haraka. Hakuwa mtu mbaya. Akasema, "Simama pale kando kidogo." Kando palikuwa na watu wengine wanane: mwalimu, bibi harusi na shangazi yake, mzee mwenye barua ya hospitali. Wote walikuwa wamezaliwa upande ule wa mto, na wote walijua mahali pa kusimama bila kuonyeshwa. Idman alitazama saa. Alimwomba Mungu, kisha akamkumbusha askari, kisha akamwomba Mungu tena. Saa sita kasoro dakika saba akaitwa.

"Umeruhusiwa. Mvua pia."

Alipita kizuizi, akahesabu hatua tatu, akabonyeza. Seva ikafunguka. Ilifunguka upesi, na ukurasa mweupe, na maneno ya kumkaribisha. Mama mmoja aliyekuwa akikaanga mahamri kando ya barabara akamsogezea kiti. Idman akaandika kumi na nane. Seva ikamwambia achague kituo.

Balambala haikuwemo. Alitafuta kwa herufi, akatafuta kwa nambari. Vituo vyote vya mashariki ya mto havikuwemo, kana kwamba nchi iliishia majini. Cha karibu kabisa kilichokuwemo kilikuwa Madogo. Zilibaki dakika nne.

Hapo ndipo Idman alipokwama kweli. Hakukwama kwa ufundi. Sahan akisema mvua imenyesha mahali ambapo haikunyesha, watu huhama, wanyama hufa njiani, na jina lake halitajwi tena mbele za watu isipokuwa kwa kutema mate. Baba yake alizikwa akiwa mtu ambaye hajawahi kusema uongo juu ya mvua. Idman alilitazama vumbi la Madogo, kavu, halijaonja hata tone. Akawaza mbuzi ishirini na wanane na mwanamke aliyekaa kando yao. Akachagua Madogo, akabonyeza.

Saa sita na dakika mbili simu ikalia.

"Imekaa," alisema Jelle.

"Yote?"

"Yote. Saa imepita na imekaa. Ila silanga ina picha ngeni. Haionyeshi miti yetu. Inaonyesha kituo cha mafuta, na mtu anakaanga mahamri."

"Mbuzi wanakunywa?"

"Wamekunywa tena."

"Basi," alisema Idman, na machozi yakamtoka, akayapangusa kwa ncha ya hijabu. Kisha akasimama pale pale kwenye kiti alichopewa, akawaambia kwa sauti wachuuzi na wenye pikipiki na yeyote aliyekuwa akisikia: "Imeandikwa Madogo. Imenyesha Balambala. Mwenye mifugo asije hapa, aende kule." Watu wakaitikia kwa kichwa. Mama wa mahamri akasema atawaambia na wale wa jioni.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kazi. Ikinyesha Balambala, Jelle anapima, Idman anavuka, anasimama kando, anaruhusiwa, anaiandika mvua kwa jina la wengine, kisha anapanda kitini na kusema ukweli. Siku mbili alicheleweshwa kizuizini na mvua ya siku hizo ikaenda zake. Siku nyingine zote ilikaa. Nyasi zikatoka, fupi na za kijani kibichi, na mbuzi wa Weris wakafikia kivuli cha pili, kisha cha tatu. Hakufa mwingine. Kila aliyeinama kunywa huko Balambala alikunywa katikati ya maduka ya Madogo, na baada ya wiki moja hakuna aliyelizungumzia.

Barua ya makao makuu ilifika mwisho wa msimu. Korane aliisoma akiwa amesimama. Ilipongeza Madogo kwa mvua nyingi isiyo na kifani na kutangaza kwamba watachimbiwa bwawa na kugawiwa mbegu. Ikaeleza kwamba, kwa kuwa hakuna tone lililowahi kurekodiwa Balambala, kituo hicho kitafungwa na vifaa vyake kuhamishiwa kunakohitajika. Aya ya mwisho ilihusu fomu: kamati imeipitia, na inaomba mzee wa nne.

"Tuandike barua," alisema Korane.

"Wewe andika," alisema Idman. "Mimi natafuta mzee."

Kipimo cha Balambala kiling'olewa Jumatatu. Jumanne Jelle alikata kopo la maziwa ya unga, akalisimamisha juu ya kigingi, akanunua rula ya shule. Saa tatu na dakika mbili akapiga simu. Milimita sita.

Jumapili moja ambayo haikuwa na mvua, Idman alipanda gari la mizigo kwenda kumtazama mama yake. Weris alimwandalia chai ya maziwa mapya, akamwonyesha watoto wanne wa mbuzi waliozaliwa wiki hiyo, akamtajia mama wa kila mmoja. Kisha wakashuka pamoja silangani, kwa kuwa mbuzi walikuwa wakinywa. Idman aliinama anawe uso. Hakujiona, wala hakumwona mama yake aliyekuwa begani kwake. Aliona barabara ya lami, kizuizi, basi moja limesimama, na watu wamejipanga kando, kila mtu na kitambulisho mkononi. Mbuzi walikuwa wamezamisha midomo kati ya miguu ya watu hao.

Weris akakunja macho, akanyoosha kidole juu ya maji.

"Yule mwenye mkoba, wa mwisho pale. Si wewe?"

"Ni mimi, hooyo."

"Wamekuruhusu?"

Idman akatazama vizuri.

"Bado," alisema.